Kusomea Umeme kwa Masafa: Mukataba, Wijada na Dhamana ya Fundi



Tangu muhula huu uanze, swali moja limekuwa likinifuata baada ya swala, hasa kutoka kwa ndugu zetu wa Dzaleka: je, mtu anaweza kusomea uhandisi wa nguvu za umeme akiwa mbali na chuo, kwa simu na kompyuta, huku anafanya kazi au anaishi kambini? Nadhani wananiuliza mimi, mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, kwa sababu mhandisi hawamwoni karibu. Nimelishughulikia kwa njia mbili: nimewauliza mafundi, kisha nimerudi kwenye vitabu vyetu, na vitabu vyetu vimenijibu zaidi ya nilivyotarajia.

Jibu langu ni kwamba nusu ya elimu hii inasafiri vizuri kwa masafa, na nusu nyingine haisafiri kabisa. Sharia inamtaka mtu ajue amefika nusu ipi kabla hajagusa waya wa nyumba ya mwenzake.

Kwa nini tujishughulishe na umeme

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), katika Kitabu cha Elimu kilicho mwanzoni mwa Ihya, anataja elimu za faradhi kifaya ambazo si za sharia: utabibu, hesabu, na hata kazi kama kilimo, ufumaji na ushonaji. Mji ukikosa watu wa kazi hizo, wote wameingia katika uzito. Kisha anatoa lawama ambayo sisi wa kitivo chetu huisoma haraka haraka na kufungua ukurasa unaofuata: kuna miji isiyo na tabibu Mwislamu hata mmoja, na bado watu wanasongamana kwenye fiqhi na mijadala. Kama angekaa Lilongwe usiku mmoja wa giza, sina shaka angeongeza fundi umeme kwenye orodha.

Umeme wa Malawi kwa sehemu kubwa unatoka katika mto mmoja, Shire, kwenye vituo vya Nkula, Tedzani na Kapichira. Dhoruba Ana ilipopiga mwezi Januari 2022, ilivunja bwawa la Kapichira, kituo cha megawati 129.6, na nchi ikakaa muda mrefu na pengo hilo. Majirani zetu wa Kichewa husema "magetsi azima", na Mswahili anaelewa bila mkalimani. Tangu hapo mitambo ya jua ya Salima na Golomoti imekuwa na kazi ya kutosha, na kule Golomoti pana hadi betri kubwa za kuhifadhia umeme. Njia ya kilovolti 400 kutoka Phombeya hadi Nkhoma, ya kwanza ya ukubwa huo nchini, ilikamilika mwaka 2018. Vyote hivi vinahitaji watu. Na tusisahau kwamba Wamalawi wengi bado hawajafikiwa na waya wa gridi, kwa hiyo kazi ya kuzalisha, kusafirisha na kugawa umeme (ndiyo maana ya uhandisi wa nguvu za umeme) haitaisha katika umri wetu.

Milango minane

Wanafunzi wa ulumul-hadith watakumbuka kwamba Ibn as-Salah, aliyefariki Damascus mwaka 643 Hijria, alizipanga njia za kupokea hadithi katika milango minane. Wa kwanza ni sama', kusikia kutoka mdomoni mwa sheikh. Wa pili ni kumsomea sheikh naye anasikiliza na kusahihisha. Zinafuata ijaza, munawala, mukataba, i'lam na wasia, na mwisho kabisa ni wijada.

Tusimame kwenye miwili. Mukataba ni sheikh kumwandikia mwanafunzi hadithi zake na kumpelekea alipo. (Neno ni la mzizi uleule wa mkataba wetu wa Kiswahili, ila hapa si mkataba wa pango.) Hii ndiyo elimu ya masafa, na wanavyuoni hawakuikataa. Imam al-Bukhari ana mlango mzima katika Kitabu cha Elimu kuhusu wenye elimu kuandika elimu yao na kuipeleka katika miji. Miongoni mwa hoja zake ni barua ambayo Mtume (s.a.w.) alimpa kiongozi wa kikosi na kumwamuru asiisome mpaka afike mahali fulani. Barua ilibeba amri kamili, na mwalimu hakuwepo. Basi anayesema kwamba elimu ya masafa ni uzushi wa intaneti hajasoma.

Wijada ni kitu kingine. Ni mtu kukuta maandishi ya mwanachuoni ambaye hakumsikia wala hakupewa ruhusa naye. Ibn as-Salah hakuitupa. Alisema kwamba katika zama za baadaye hakuna budi kufanyia kazi yaliyomo, maana ukisubiri masharti yote ya riwaya utakwama. Lakini mwenye wijada ana adabu yake ya kusema. Husema "nimekuta kwa hati ya fulani", wala hasemi "fulani amenisimulia".

Sasa chukua simu yako. Ukijiandikisha katika chuo kinachotambulika, kikakupa mwalimu, kazi za kusahihishwa na mitihani inayosimamiwa, uko katika mukataba pamoja na ijaza. Ukitazama video usiku kucha jinsi ya kufunga soketi, uko katika wijada. Ile ni elimu na hii ni elimu, ila wa pili akimwambia mwenye nyumba "nimesomea umeme", amebadilisha isnadi.

Kinachosafiri

Nusu ya kwanza ya uhandisi huu ni hesabu na fizikia, na hiyo inasafiri kama barua. Nichukue swali moja ambalo mtoto wa kidato cha pili anaweza kulifuata: kwa nini ESCOM inapandisha umeme hadi kilovolti 33 au 66 au 132 njiani, halafu inaushusha hadi volti 230 mlangoni kwako?

Tuseme unataka kupeleka kilowati 100 kijijini kwa waya ambao ukinzani wake ni omu 1. Mkondo unaopita ni nguvu kugawa kwa volti. Ukitumia volti 33,000 mkondo ni kama ampea 3. Nguvu inayopotea kuwa joto ndani ya waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani kama wati 9. Si kitu. Jaribu sasa kutumia volti 230: mkondo unafika ampea 435, na hasara inatoka zaidi ya kilowati 189. Hiyo ni karibu mara mbili ya ulichotaka kupeleka! Maana yake ni kwamba safari hiyo haiwezekani kabisa. Waya ungeumaliza umeme kabla haujafika. Gawa 33,000 kwa 230, zidisha jibu kwa lenyewe, utaona hasara imepungua zaidi ya mara 20,000. Nguzo ndefu zote unazoziona ukipita barabara ya M1 zimesimama juu ya hesabu hii moja.

Hesabu kama hiyo hukuhitaji maabara kuielewa. Na vyanzo vipo, vingine bila malipo. MIT imeweka wazi somo lake la utangulizi wa mifumo ya nguvu za umeme, namba 6.061, na vyuo vya IIT vya India vina mihadhara mirefu ya somo hilohilo kupitia NPTEL. Nawashauri waanze na ya India, kwa sababu mwalimu huandika kila hatua ubaoni na anayekatikiwa na bando anaweza kurudi alipoishia.

Historia pia inashuhudia. Mwaka 1891, huko Scranton, Pennsylvania, yalianza masomo ya posta yaliyokuja kuitwa International Correspondence Schools. Sababu haikuwa anasa: sheria ya usalama wa migodi ya mwaka 1885 iliwataka wasimamizi wafanye mtihani, na mchimbaji aliyetoka shimoni jioni hakuwa na nafasi ya kukaa darasani. Kutoka migodini masomo hayo yaliingia kwenye mashine za mvuke na umeme. Kwa hiyo mfanyakazi anayesoma usiku baada ya kazi si mwanafunzi wa daraja la pili. Elimu ya masafa ya ufundi ilitengenezwa kwa ajili yake.

Kisichosafiri

Mwanafunzi wa tajwidi anaweza kuhifadhi kanuni zote za makharij kutoka kitabuni na bado akatamka dhadi vibaya. Lazima akae mbele ya mwalimu, amwone mdomo, asahihishwe. Umeme nao una dhadi zake: kuhakikisha kwamba waya umekufa kabla ya kuushika, kukaza skrubu bila kuivunja na bila kuilegeza, kufunga waya wa ardhi ukashika kweli.

Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Vifaa vya kukata umeme unaovuja, vinavyowekwa kulinda watu, hutengenezwa vikate kwenye miliampea 30. Balbu ile ya zamani ya wati 60 inapitisha kama miliampea 260. Yaani mkondo wa kuwasha taa moja hafifu ni zaidi ya mara nane ya kile ambacho wahandisi wamekihesabu kuwa hatari kwa moyo wa mwanadamu. Sasa fikiria nyumba za Dzaleka zilizobanana, waya mmoja umevutwa kutoka duka la jirani ukapita juu ya paa la nyasi, na maungio yamefungwa kwa mfuko wa plastiki. Aliyefunga alikuwa na nia njema na video nzuri.

Vyuo vya masafa vyenyewe vinalijua hili. Unisa ya Afrika Kusini, iliyoanza kufundisha kwa posta mwaka 1946, ina masomo ya uhandisi wa umeme, lakini kazi za maabara zina mahali pake, kampasi ya Florida, Johannesburg, na diploma zake hudai mafunzo kazini. Kule Marekani Chuo Kikuu cha North Dakota kinawafundisha wahandisi kwa masafa kwa miaka mingi, na wakati wa kiangazi huwaita waje kwa miguu yao kwenye maabara. Kwa hiyo ukiona tangazo katika makundi yetu ya WhatsApp linaloahidi "mhandisi wa umeme kwa miezi mitatu, cheti kinatumwa kwa barua pepe", na moja kama hilo lilizunguka sana mwaka huu, uliza swali moja tu: mikono yangu itafundishwa wapi? Wakikosa jibu, weka pesa yako mfukoni. Kisha kwa chuo chochote, angalia kama kinatambuliwa na baraza la elimu ya juu la nchi kilipo. Hapa Malawi ni NCHE.

Michael Faraday mara nyingi hutajwa kama mtu aliyejifundisha mwenyewe, na ni kweli kwamba alianza kama kijana wa kujalidi vitabu London, akisoma alivyovijalidi. Wanaomtaja husahau sehemu ya pili. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya Humphry Davy, na mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara yake. Bila ule mlango wa maabara, angebaki mjalidi msomi.

Dhamana

Hapa ndipo somo linapokuwa la halali na haramu. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alimbebesha dhamana mtu anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu. Nia yake njema haimwokoi.

Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki mwaka 620 Hijria, katika al-Mughni anawazungumzia mpiga chuku, mtahiri na tabibu kwa pamoja. Hawadhamini madhara yaliyotokea kwa masharti mawili: wawe na ustadi katika kazi yao, na mikono yao isivuke mpaka wa kazi. Likikosekana la kwanza, kitendo chenyewe kilikuwa cha haramu tangu mwanzo, na dhamana inamwangukia. Na haya yote ni baada ya kuwa na idhini ya mwenye mwili.

Siwezi kuona tofauti yoyote kati ya mtahiri na fundi umeme katika jambo hili, isipokuwa kwamba mtahiri humdhuru mmoja na waya mbovu unaweza kuchoma mtaa. Basi mwenye wijada peke yake anayefunga nyaya za watu kwa malipo yuko katika hatari mbili: pesa aliyochukua ina shaka, na moto ukitokea deni ni lake, kwa fiqhi kabla ya polisi.

Ustadi utajulikanaje? Wazee walisema kwa ushuhuda wa watu wa kazi hiyo. Leo ushuhuda huo umeandikwa: hapa Malawi MERA ndiyo inayotoa vibali vya mafundi wa kufunga umeme, na kabla ya hapo kuna mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Wako ndugu wanaoona kibali ni karatasi ya serikali isiyohusiana na dini. Mimi naona ndiyo ijaza ya zama hizi kwa kazi hii.

Kutoka Dzaleka hadi Area 47

Sasa turudi kwa aliyeuliza. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Ilikuwa gereza, ikafanywa kambi mwaka 1994 kwa watu wasiozidi elfu kumi na kitu, na leo ina zaidi ya 50,000. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ilijiwekea mipaka katika vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira, elimu na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi. Kwa hiyo neno "masafa" kwa ndugu huyu si chaguo la urahisi kama kwa karani wa Lilongwe anayetaka kusoma jioni. Ndiyo njia aliyobakishiwa.

Njia hiyo ina heshima yake Dzaleka. Tangu mwaka 2010, kupitia Wajesuti wa JRS, wakimbizi pale walisoma diploma ya Chuo cha Regis cha Marekani wakiwa kambini. Tusione haya kusema kwamba watu wa dini nyingine walitutangulia. Lakini masomo yale yalikuwa ya kalamu, yanayomalizika kwa kompyuta na kichwa. Nyenzo za koleo na bisibisi ni jambo lingine.

Nimemfuatilia kijana mmoja ambaye kwa maoni yangu ameipanga vizuri. Usiku anasoma nadharia kwa simu. Jumamosi, akiwa na ruhusa ya uongozi wa kambi, anapanda basi dogo asubuhi hadi Area 47, ambako fundi mwenye kibali anatandaza nyaya katika nyumba inayojengwa, na kurudi kabla ya giza. Hachukui mshahara, anashika, anaangalia, anasahihishwa. Wijada ya usiku inapelekwa kwa sheikh siku ya Jumamosi na kugeuka kuwa kusoma mbele ya mwalimu, mlango wa pili wa Ibn as-Salah. Lengo lake ni mtihani wa daraja la tatu kwanza, kibali baadaye, na diploma ya masafa akishajua mikono yake inaweza.

Nilikwenda kumwona fundi huyo mwenyewe. "Sheikh," aliniita kwa utani wake, "hawa vijana wa simu wanajua jina la kila kitu kunishinda mimi. Wasichojua ni harufu ya waya unaoanza kuungua." Nikamuuliza inachukua muda gani kumfundisha mtu harufu. Akacheka, akasema mpaka aache kumwambia.

Kwa anayefanya kazi mjini mambo ni mepesi zaidi. Vyuo vya ufundi, kikiwemo Lilongwe Technical College, viko karibu. Nenda dirishani uulize kuhusu masomo ya jioni na ya wikiendi badala ya kuniuliza mimi. Dada zetu pia waulize. Hesabu ya kilovolti 33 haina jinsia, na nyumba yenye wanawake peke yao mchana ingefurahi kufunguliwa mlango na fundi mwanamke.

Mfuko wetu

Limebaki la pesa, na hapa nazungumza na kamati ya jumuiya. Kila Ramadhani tunagawa unga na mafuta, Allah atulipe. Lakini Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika al-Majmu' anaeleza kauli ya wenzetu wa madhehebu ya Shafi: fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununua ufundi wake au vyombo vya ufundi wake, thamani yake iwe ndogo au kubwa. Hakusema chakula cha mwezi. Alisema vyombo.

Kwa kijana wa umeme, vyombo ni maltimita isiyodanganya, testa, koleo zenye mipini ya mpira, glavu, bando la masomo, nauli ya Jumamosi na ada ya mtihani. Kwa asiye Mwislamu, na Dzaleka tunao majirani wengi wema wasio Waislamu, tutumie sanduku la sadaka, maana zaka ina wenyewe.

Ninaomba jambo hili liingie katika kikao kijacho cha mfuko. Maombi yaandikwe kwa mkono, na kila ombi liambatane na jina la fundi mwenye kibali aliyekubali kumsimamia mwombaji. Asiye na msimamizi, kamati imtafutie msimamizi kwanza, ndipo imnunulie koleo.